Mkate Mbele ya Gavana

Katika midrashi, yaani masimulizi na mafafanuzi ya marabi wa kale juu ya Torati, kuna kisa kimoja kinachoingia moja kwa moja kwenye kiini cha tohara ya Kiyahudi. Gavana Mrumi wa Uyahudi, anayeitwa humo Turnus Rufus, anamuuliza Rabi Akiva: kazi za nani ni bora, za Mungu au za binadamu? Ungetarajia mcha Mungu ajibu upesi kwa jibu la kawaida. Akiva anasema: za binadamu. Gavana anashtuka. Je, binadamu anaweza kuumba mbingu? Akiva anamwambia aache mambo yaliyowapita viumbe, wazungumzie yale yaliyo mikononi mwa watu. Ndipo gavana anafika alikotaka kufika tangu mwanzo: kwa nini mnatahiri?

Akiva anasema alijua swali hilo linakuja, ndiyo maana alilijibu kabla halijaulizwa. Anaagiza masuke ya ngano na mikate viletwe mbele ya gavana. Masuke ni kazi ya Mungu, mikate ni kazi ya watu. Ungependa kula kipi? Gavana hajatosheka. Kama Mungu wenu anaitaka tohara, mbona mtoto hatoki tumboni akiwa ametahiriwa? Akiva naye anauliza: na kitovu je? Mbona mtoto hutoka nacho, mama akalazimika kukikata?

Kisa hiki kiliandikwa muda mrefu baada ya Akiva kufa, na hakuna wa kutuapia kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Lakini gavana alikuwepo kweli. Tineius Rufus alikuwa akitawala Uyahudi vita vya Bar Kokhba vilipolipuka mwaka 132 BK, na mapokeo yanasema Akiva aliuawa na Warumi siku hizo za vita. Kwa hiyo waliokisimulia kisa hiki hawakuwa wanajifurahisha kwa mafumbo. Waliweka kinywani mwa mtu aliyeuawa utetezi wa kitendo ambacho watu wao walikuwa wamekifia.

Kiswahili kimetuzoesha kuliona jambo hili kwa jicho jingine. Tohara ni neno la usafi. Limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa twahara. Ukisema mtoto ametahiriwa, neno lenyewe linasema ametakaswa. Kiebrania hakianzii hapo. Jina la ibada ni brit mila, agano la kutahiri (hiyo “mila” haina undugu na mila zetu), na katika mazungumzo ya kila siku neno la pili huangushwa, likabaki brit peke yake: agano. Familia ikialika jamaa na majirani, inawaalika kwenye agano.

Na agano kwa Kiebrania hukatwa. Katika Mwanzo 15 Mungu anapofunga agano na Ibrahimu, wanyama wanapasuliwa vipande viwili, na kitenzi kinachotumika ni karat, kukata. Sura mbili mbele ndipo tohara inapoamriwa, na mwanamume asiyetahiriwa anaambiwa atakatiliwa mbali na watu wake, kwa mzizi uleule wa karat. Kukatwa kidogo ili usikatwe kabisa. Msikilizaji wa Kiebrania aliyajua maneno hayo yote mawili, na sidhani kama alihitaji mhubiri wa kumuunganishia.

Katika sura hiyo ya 17 Ibrahimu ana miaka 99. Kabla ya hapo alikuwa Abramu, na mkewe alikuwa Sarai. Majina yote mawili yanabadilishwa humohumo. Ishmaeli anatahiriwa akiwa na miaka 13. Isaka hajazaliwa bado, na atakapozaliwa atatahiriwa siku ya nane. Mwanahistoria Myahudi Yosefo, wa karne ya kwanza BK, anaeleza kuwa Waarabu wa zamani zake walitahiri wavulana wakifika miaka 13 kwa kumfuata Ishmaeli.

Kinachomshangaza mtu anayeisoma habari hii kwa mara ya kwanza ni kwamba Waisraeli hawakuwa na hatimiliki ya tohara. Huko Saqqara, Misri, katika kaburi la ofisa aliyeitwa Ankhmahor, kuna mchongo wa zaidi ya miaka 4,000 unaoonyesha wanaume wakitahiriwa. Nabii Yeremia, katika sura ya 9, anawataja kwa pamoja Wamisri, Wayahudi, Waedomu, Waamoni na Wamoabu kuwa watu waliotahiriwa miilini. Herodoto, Mgiriki wa karne ya tano KK, aliamini kuwa watu wa pwani ile walijifunza jambo hilo kutoka Misri. Katika mtaa huo wote, jirani aliyejitenga ni Mfilisti, na ndiyo maana katika vitabu vya Samweli neno “asiyetahiriwa” ni tusi linalomhusu yeye hasa.

Sasa alama gani hiyo ya kuwatenga watu, ikiwa nusu ya majirani wanayo? Wanazuoni wengi wa Biblia wanajibu kwa kutazama Babeli. Mwaka 586 KK Yerusalemu iliangushwa, hekalu likachomwa, na sehemu ya watu wakachukuliwa hadi nchi ambayo wenyeji wake hawakutahiri. Huko hapakuwa na madhabahu wala mfalme. Vilivyoweza kubebwa ni vile visivyohitaji jengo: Sabato, ambayo ni wakati, na tohara, ambayo ni mwili. Mwanzo 17 huhesabiwa na wanazuoni hao kuwa kazi ya waandishi wa kikuhani, na wengi wao huiweka karibu na kipindi hicho cha uhamisho. Nikikubaliana nao, naona kitu kimoja: desturi ya kale iliyoenea eneo zima iligeuka agano ilipojikuta ugenini. Kisu kilikuwa kilekile. Waliotazama ndio waliobadilika.

Torati inataja alama nyingine pia. Upinde wa mvua ni alama ya agano na Nuhu na viumbe vyote. Sabato inaitwa alama kati ya Mungu na wana wa Israeli. Upinde unaonekana na kila mwenye macho. Sabato inaonekana na jirani anayepita akakuta duka limefungwa. Tohara peke yake inafunikwa na nguo. Ni alama ambayo mwenyewe, mkewe na Mungu wake ndio wa kuijua, na tutaona ni nani wengine walidai kuitazama.

Nimesema kisu kilikuwa kilekile. Maneno yaliyokizunguka ndiyo yaliyokua, na hapa kuna utajiri ambao tafsiri huuficha. Neno la Kiebrania la govi ni orla. Mambo ya Walawi 19 inawaamuru Waisraeli watakapopanda miti ya matunda wayahesabu matunda yake kwa miaka mitatu kuwa orla, wasiyale. Mti una govi! Musa, akiogopa kutumwa kwa Farao, analalamika katika Kutoka 6 kuwa midomo yake haijatahiriwa. Yeremia anasema masikio ya watu hayajatahiriwa, kwa hiyo hawawezi kusikia. Kumbukumbu la Torati linawataka watahiri govi za mioyo yao.

Ukiyaweka pamoja, picha inajitokeza. Orla ni kile kinachoziba. Mdomo wenye orla hautoi neno, sikio lenye orla haliingizi neno, moyo wenye orla hauguswi, na mti wenye orla bado hauna tunda la kuliwa. Na mtu wa kwanza kuamriwa aiondoe ni mzee aliyekuwa ameahidiwa mataifa yatoke viunoni mwake, naye na Sara wamekaa miaka bila mtoto wao. Kabla ya kuwa alama ya taifa, tohara ilikuwa na harufu ya shamba: kupogoa ili mti uzae. Baadhi ya wanaanthropolojia wa dini wamelisema hilo, na mimi naona maandiko yenyewe yanawaunga mkono.

Msomaji aliyekulia karibu na jando atauliza swali jingine. Kwa nini siku ya nane? Katika imbalu ya Wagisu wa mashariki mwa Uganda, kijana anasimama wima mbele ya umati, na uzito wote wa siku hiyo uko katika kutotikisika kwake. Akilia, aibu ni ya ukoo mzima. Mtoto wa siku nane hana ujasiri wa kuonyesha. Analia, na hakuna anayemhesabia. Hatafundishwa chochote porini, hatarudi akiwa mtu mwingine. Hatakumbuka hata siku yenyewe.

Jaribio liko kwa baba. Talmudi inaorodhesha mambo ambayo baba anadaiwa na mwanawe, na tohara ni la kwanza. Baada yake yanakuja kumfundisha Torati, kumtafutia mke, kumfundisha kazi. Baba asipofanya, mahakama ya kirabi inalazimika kufanya, na mahakama isipofanya, mwana mwenyewe anadaiwa akishakuwa mtu mzima. Kwa kawaida baba humkabidhi mtahiri, mohel, aliyefunzwa kazi hiyo, lakini mohel anakata kwa niaba yake. Mtoto hulazwa kwenye mapaja ya mtu aliyepewa heshima ya kumpakata, anayeitwa sandaki, na kando huwekwa kiti kitupu. Kiti hicho ni cha nabii Eliya. Eliya alikuwa amemlalamikia Mungu kwamba wana wa Israeli wameliacha agano. Marabi wakasema basi, kwa malalamiko yale, itampasa ahudhurie kila tohara mpaka mwisho wa dunia, aone mwenyewe. Napenda ucheshi uliomo humo. Mshitaki amegeuzwa mgeni wa heshima.

Siku ya nane yenyewe imeelezwa kwa namna nyingi. Torati inasema ndama au mwanakondoo akae siku saba na mama yake, na kuanzia siku ya nane anaweza kutolewa sadaka. Marabi waliona ulinganifu huo, wakaongeza kuwa katika siku saba mtoto lazima apitiwe na Sabato kwanza, kama mtu anayemwamkia malkia kabla ya kumwona mfalme. Siku ya nane ikiangukia Sabato, kisu kinafanya kazi Sabato. Kinachokizuia ni uhai. Mtoto mgonjwa husubiri hadi apone. Na Talmudi ina hukumu moja ambayo madaktari wa leo huitambua mara moja: mama ambaye wana wake wawili wamekufa kwa kutokwa damu baada ya kutahiriwa, wa tatu hatahiriwi. Walikuwa hawana jina la ugonjwa wa damu kutoganda, lakini walishajua kuwa unapita kwa mama. Agano lisilotambua mahali pa kusimama lingekuwa kafara ya watoto.

Halafu likaja jicho la Mgiriki.

Kwenye mwaka 175 KK hivi Yerusalemu ilijengewa jimnasia, uwanja wa mazoezi wa Kigiriki, ambako vijana wa watu wenye uwezo walicheza na kukimbia wakiwa uchi. Kwa Mgiriki mwili uliokamilika ndio uzuri, na kichwa cha uume kilicho wazi kilikuwa kichekesho au matusi. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasema baadhi ya Wayahudi walijifanyia magovi upya. Inawezekana, ngozi iliyobaki huvutwa, kwa maumivu, hadi ifunike. Alama ya siri ilikuwa imewekwa hadharani, na vijana wakataka kuificha kwa ngozi yao wenyewe.

Miaka michache baadaye, mwaka 167 KK, mfalme Antioko Epifane alipiga marufuku tohara pamoja na Sabato. Kitabu hichohicho kinaeleza kuwa akina mama waliotahirisha wana wao waliuawa, na vichanga vyao vikatundikwa shingoni mwao. Tusiipite sentensi hiyo haraka. Agano linalosemwa ni la wanaume, linaloandikwa kwenye mwili wa mwanamume, na hapa waliolilipia ni wanawake. Si mara ya kwanza. Katika Kutoka 4 kuna mistari mitatu ya giza ambamo Mungu anakutana na Musa njiani na kutaka kumuua, na Sipora mkewe, binti wa kuhani wa Midiani, anachukua jiwe kali, anamtahiri mwanawe, na kifo kinapita. Hakuna mfafanuzi aliyewahi kuifungua mistari hiyo kikamilifu. Ila inajulikana wazi nani alishika jiwe.

Waasi wa Wamakabayo walishinda, na waliposhinda walifanya jambo ambalo historia za ushujaa hulipitia juujuu. Matathia, baba wa uasi, aliwatahiri kwa nguvu watoto wa Kiyahudi aliowakuta hawajatahiriwa. Vizazi viwili mbele, mjukuu wake Yohana Hirkano aliiteka Idumea na kuwapa wenyeji wake hiari ya tohara au kuondoka. Alama ambayo mama mmoja aliifia iligeuka, ndani ya vizazi viwili, kuwa sharti la mshindi. Sioni njia ya kulipamba hilo.

Aleksandria, karne ya kwanza BK, mwanafalsafa Myahudi Filo alikuwa akiishi kati ya watu walioicheka tohara, na alikianza kitabu chake juu ya sheria maalumu kwa kuitetea. Alitaja afya, usafi, uzazi na mfanano wa kiungo hicho na moyo; halafu akaongeza mawili ya kwake: kukata anasa zinazoroga akili, na kukata majivuno ya mwanamume anayejidhania ni muumba kwa kuwa anaweza kuzaa. Hili la mwisho lina uzito kuliko yote aliyosema. Lakini Filo alikuwa na wenzake waliosema: ikiwa maana ni hiyo, tushike maana, tuache ngozi. Akawakatalia. Akawaambia hatuishi kama roho zisizo na miili. Tukifuata fumbo peke yake, hata hekalu lingefungwa.

Karibu wakati uleule Paulo wa Tarso, aliyetahiriwa siku ya nane na hakuliona haya, alichukua njia ambayo Filo aliizuia. Tohara ya kweli ni ya moyo, aliwaandikia Warumi. Maneno yalikuwa ya Kumbukumbu la Torati na ya Yeremia. Hitimisho lilikuwa lake, kwamba mtu wa mataifa haitaji kisu. Sisi tuliosoma Agano Jipya kwanza tumezoea kuona hapo roho ikiishinda ngozi. Marabi hawakukubali kuwa hivyo ni vitu viwili vinavyoshindana. Moyo utautahiri vipi, wangeuliza, kama mkono hujaufundisha kutii?

Huenda ndiyo sababu wakaongeza ukali. Mishna, iliyokusanywa kwenye mwaka 200 BK, inasema aliyekata govi bila kupasua na kurudisha nyuma utando wa ndani ni kama hakutahiri. Wanazuoni kadhaa wanaona hapo jibu kwa vijana wa jimnasia: kata ambayo haivutiki tena. Kati ya hapo kulikuwa kumepita amri ya mfalme Hadriano dhidi ya tohara, ambayo wanahistoria bado wanabishana kama ilileta vita vya Bar Kokhba au ilikuwa adhabu yake. Mrithi wake, Antonino Pio, aliwaruhusu Wayahudi watahiri wana wao wenyewe, si wa watu wengine.

Na ndipo tunarudi kwa Akiva na mikate yake, maana sasa tunaona anajibu nani. Mgiriki na Mrumi wanasema mwili ni kamili, mkiukata mnauharibu. Akiva hasemi mwili ni mchafu. Hasemi ni dhambi. Anasema haujamalizika. Mungu aliacha kazi nusu kwa makusudi, ili binadamu awe na la kufanya. Mwanzo 17 inaanza kwa kumwambia Ibrahimu awe mkamilifu, na Mishna inasisitiza kuwa, pamoja na mema yote aliyotenda, hakuitwa mkamilifu mpaka alipotahiriwa. Mtu anakamilika kwa kupungukiwa.

Karne kumi baadaye, Misri, tabibu na mwanafalsafa Musa bin Maimun, ambaye Wayahudi humwita Rambam, aliishughulikia hoja hiyo katika Mwongozo wa Waliotatizika na kuigeuza. Tohara, alisema, haikuja kukamilisha umbo, kwa kuwa kazi ya Mungu haina kasoro ya kurekebishwa na mtu. Imekuja kukamilisha tabia: kuupunguzia mwili ashiki, kukidhoofisha kiungo bila kukizuia kuzaa. Akaongeza sababu ya pili, kwamba inawapa waumini alama moja ya kupendana na kusaidiana. Na kwa nini utotoni? Kwa sababu mtu mzima angesita, mtoto haumii sana, na wazazi hawajamzoea kichanga kiasi cha kushindwa.

Namheshimu Rambam kwa kusema wazi bila haya. Ila hapa nampa Akiva ushindi. Hoja ya kudhoofisha mwili inaifanya ibada kuwa dawa, na dawa huachwa ikipatikana bora. Mkate hauwi dawa ya ngano. Tena ile habari ya wazazi kutomzoea kichanga ingemshangaza mama yeyote aliyekaa na mwanawe siku nane.

Wengine waliona maandishi. Midrashi inasema Mungu ameliandika jina lake Shadai juu ya mwili wa Mwisraeli: herufi ya kwanza puani, ya pili mkononi, na ya tatu, yod, ile ndogo kuliko zote, mahali pa tohara. Bila yod hiyo herufi mbili zinazobaki husomeka shed, yaani pepo. Wakabala wa Hispania walijenga juu ya mawazo kama hayo elimu nzima ya siri.

Lakini mwanamke je, jina limeandikwa wapi kwake? Swali hili ni la zamani. Katika karne ya pili Mkristo Yustino alilitupa mbele ya Myahudi aliyekuwa akijadiliana naye: kama wanawake hawawezi kutahiriwa na bado wanaweza kuwa wenye haki, tohara haikuletwa kuwa haki. Marabi wenyewe walihesabu mwanamke kuwa ndani ya agano bila kukatwa, na kwa sheria yao ni yeye anayelipitisha: mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi tangu azaliwe, atahiriwe asitahiriwe. Kumbe kisu hakimfanyi mtoto kuwa Myahudi. Ngano ni ngano hata kabla ya kusagwa. Katika nyakati zetu familia nyingi zimetunga ibada za kuwapokea mabinti na kuwapa majina bila kukatwa kokote.

Spinoza, aliyetengwa na jumuiya yake ya Amsterdam mwaka 1656, aliandika miaka 14 baadaye kwamba alama hii ina nguvu kiasi kwamba yeye angeamini inaweza peke yake kulihifadhi taifa hilo milele. Alijua alichokisema. Alikulia kati ya watu waliotoka Ureno, ambao wazee wao walibatizwa kwa lazima, wakaishi kama Wakatoliki, na walipofika Amsterdam wanaume wazima wakatahiriwa. Mwaka 1843, Frankfurt, kikundi cha Wayahudi wapenda mageuzi kilishikilia kuwa tohara haiwafungi tena. Mwaka uliofuata mwanahistoria Leopold Zunz, ambaye mwenyewe alipenda mageuzi, aliandika kuitetea. Kwake haikuwa desturi moja kati ya nyingi inayoweza kung'olewa bila mti kutikisika.

Hoja hiyo ilikuwa ya watu huru. Karne moja baadaye alama iliyofichwa nguoni ilitafutwa kwa bunduki. Solomon Perel, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1925, alikamatwa na jeshi la Kijerumani mwaka 1941, akadai ni Mjerumani halisi, akaaminiwa, na hatimaye akapelekwa shule ya vijana wa Hitler huko Braunschweig. Alilala bwenini nao, akaimba nao. Hakuweza kuoga nao. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi alivyojaribu kuivuta ngozi na kuifunga kwa uzi, ikapata jeraha, akaacha. Hakuwa amesoma habari za jimnasia ya Yerusalemu ili aige. Aliufikia ujuzi uleule kwa hofu. Alikufa Israeli mwaka 2023, mzee wa miaka 97.

Mjadala haujafungwa, na hautakiwi kufungwa. Mwaka 2012 mahakama ya Köln iliamua kuwa kumtahiri mtoto kwa sababu za dini ni kumjeruhi. Kesi ilihusu mtoto wa Kiislamu, Waislamu na Wayahudi wakasimama upande mmoja, na kabla ya mwaka kwisha bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kuruhusu. Wapo Wayahudi wachache leo wanaowapokea wana wao bila kisu, kwa sababu kichanga hakuulizwa. Swali lao ni zito. Hakuulizwa pia lugha atakayoizungumza wala jina, ingawa najua jina halitoi damu.

Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii. Semei Kakungulu alikuwa Muganda, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda na kisha akaona wamemnyima ukubwa aliouahidiwa. Kwa Waganda tohara ilikuwa jambo la wageni. Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa miaka lakini hakukubali kutahiriwa, maana damu ya mfalme haimwagwi. Kakungulu aliisoma Biblia akiwa peke yake na akili yake, akafika Mwanzo 17, na mwaka 1919, karibu na Mbale, alijitahirisha yeye na wanawe. Inasimuliwa kuwa wenzake wa madhehebu ya Malaki walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kuwa, kama ni hivyo, yeye ni Myahudi. Hakukuwa na rabi, wala mama Myahudi, wala jicho la adui. Kulikuwa na ukurasa, na mtu mzima aliyeutii kama Ibrahimu.

Wafuasi wake, Abayudaya, wakaendelea kuwatahiri wana wao siku ya nane, hata Idi Amin alipopiga marufuku dini yao na wengi wakaiacha. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Conservative walikwenda kuwapokea rasmi, mamia yao. Kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi mwanamume anayeingia akiwa ameshatahiriwa, iwe jandoni, hospitalini au kwa imani ya babu zake, hakatwi tena. Huchomwa kidogo mahali palepale kwa ncha ya sindano, hadi litoke tone moja la damu ya agano.